UTUNZAJI NA UKARABATI WA MIZIBO YA VIOO KATIKA MAJENGO YA UMMA

Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na wakazi wa Chidya, Wilaya ya Masasi

Nimeombwa nieleze jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo: vioo vya madirisha na mizibo inayovishika. Nimelikubali ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa katika kazi yangu ya ufundi nimejifunza kwamba majengo mengi hayaanzi kuharibika kwenye paa wala kwenye msingi. Huanza kuharibika mahali ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine: kioo na mbao, mbao na ukuta, ukuta na bati. Hapo ndipo maji yanapopita, na hapo ndipo tusipotazama.

Chidya ni jina lenye heshima katika historia ya elimu ya kusini. Shule yake ilianzishwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA, misheni iliyofika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, na baadaye ikawa shule ya Serikali. Katika maeneo yetu haya, kuanzia Masasi hadi Newala, yapo majengo ya zama zile, yapo ya miaka iliyofuata Uhuru, na yapo mapya ya alumini. Kila kizazi cha majengo kimekuja na dirisha lake, na kila dirisha lina mzibo wake na namna yake ya kuharibika.

Kisa kilichonifanya nilitazame jambo hili kwa uzito ni hiki. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, nikatazame dirisha la chumba cha kumbukumbu. Puti iliyoshika kioo ilikuwa imekauka na kubanduka upande wa chini. Mvua za msimu mmoja tu zilitosha. Chini ya dirisha palikuwa na rafu, na juu ya rafu madaftari ya kliniki ya watoto. Kurasa zilikuwa zimegandana kama mkate. Siku hiyohiyo alifika mama mmoja aliyepoteza kadi ya mtoto wake, akitaka kujua ni chanjo zipi mtoto amekwisha kupata. Jibu lilikuwa ndani ya daftari lile, na daftari halikufunguka. Muuguzi alibaki amelishika mkononi. Puti ya kuziba ufa ule isingezidi ukubwa wa yai.

Ndugu Mwenyekiti, ndiyo maana nasema jambo hili si dogo.

1. JASHO LA KIOO NA MAANA YAKE

Naomba nianze na kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona. Katika maduka ya Masasi na Newala yapo majokofu ya soda yenye mlango wa kioo. Baadhi ya milango hiyo ni myeupe kwa ukungu, hata mteja hawezi kusoma jina la kinywaji. Mwenye duka hufuta kwa kitambaa, lakini ukungu hautoki. Wengi hudhani kuwa jokofu limeharibika au kioo kimechakaa. Ukweli ni kwamba mlango ule hauna kioo kimoja, bali jozi ya vioo, na ukungu uko katikati yake, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Jozi ya namna hiyo hutengenezwa hivi. Vioo viwili hupangwa sambamba, vikatenganishwa na ukanda mwembamba, ambao mara nyingi ni wa alumini, unaozunguka kingo zote. Ndani ya ukanda huo huwekwa punje za kukausha, za jamii moja na zile tunazozikuta katika vifuko vidogo ndani ya makopo ya dawa na maboksi ya viatu. Kingo huzibwa mara mbili: kwanza kwa gundi nyeusi laini inayozuia mvuke, kisha kwa gundi ngumu zaidi inayoshika vioo visiachane. Katikati hubaki hewa kavu, au gesi iitwayo agoni. Hewa iliyofungiwa namna hiyo haipitishi joto kwa urahisi. Wazo hili si geni: Mmarekani Thomas Stetson alipata hataza yake mwaka 1865. Katika nchi za baridi kali, jozi hizi hutumika majumbani kuzuia joto lisitoke. Kwetu hutumika zaidi kuzuia joto lisiingie, yaani katika majokofu na katika majengo mapya yenye viyoyozi.

Mzibo wa jozi haufi kwa siku moja. Mchana kioo hupata joto, hewa ya katikati hutanuka na kusukuma kingo kwa nje. Usiku hewa hiyo husinyaa na kuvuta kingo kwa ndani. Ni kana kwamba dirisha linapumua. Baada ya miaka mingi ya kupumua hivyo gundi huchoka, hasa ikiwa kingo za chini zimekaa ndani ya maji. Mvuke huanza kupenya kidogo kidogo. Kwa muda fulani punje huumeza, na sisi hatuoni lolote. Siku punje zinaposhiba, mvuke unaozidi hukosa pa kwenda, na asubuhi ya baridi hugeuka matone juu ya uso wa ndani wa kioo. Hivyo basi, siku tunayoona ukungu kwa mara ya kwanza siyo siku mzibo ulipoharibika. Mzibo ulianza kuharibika zamani; siku hiyo ndipo punje zimeshindwa kuendelea kutuficha.

2. NAMNA YA KUTAMBUA

Kabla ya kumwita fundi au kuandika dokezo la kuomba fedha, yafaa tujue jasho liko wapi. Yapo mahali patatu, na kila mahali pana maana yake.

(a) Jasho la upande wa nje. Likifutika kwa kitambaa upande ulio kwako, kioo hakina kosa. Hewa yenye unyevu imegusa kioo cha baridi, kama vile gilasi ya maji ya baridi inavyotoka jasho mezani. Asubuhi za Juni na Julai jambo hili ni la kawaida.

(b) Jasho la upande wa ndani ya chumba au ndani ya jokofu. Hili nalo hufutika. Katika chumba, maana yake ni kwamba hewa haizunguki na watu ni wengi. Katika jokofu, maana yake ni kwamba mlango unafunguliwa mno, au mpira wa mlango hauzibi. Chukua ukanda wa karatasi, ubane mlangoni, kisha uvute polepole. Ukitoka bila kukinza, mpira mahali hapo haushiki. Rudia kuzunguka mlango mzima.

(c) Jasho lililo katikati ya vioo viwili. Hili halifutiki kwa upande wowote. Futa pande zote mbili kwa kitambaa safi kikavu. Ukungu ukibaki, mzibo wa jozi umekufa. Tazama mapema asubuhi, kwa kuwa mchana wa jua ukungu waweza kutoweka na kukudanganya kuwa umepona. Tazama kwanza pembe za chini, maana mara nyingi ndiko unakoanzia. Dalili nyingine ni ukanda wa alumini kuota unga mweupe, gundi nyeusi kuteremka hadi ikaonekana, na madoa ya maziwa yasiyotoka. Madoa hayo yakishatokea, maji yamekwisha kuula uso wa kioo chenyewe.

Naomba nisisitize jambo moja kwa maafisa wanaoidhinisha malipo. Jozi iliyokufa mzibo imepoteza uangavu wake, na imepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzuia joto. Haijapoteza uwezo wa kuzuia mvua wala mwizi. Kwa hiyo si dharura, na wala si sababu ya kubomoa dirisha zima. Fremu ikiwa nzima, kinachobadilishwa ni jozi ya vioo peke yake. Mkandarasi akikuambia kwamba dirisha zima ling'olewe kwa sababu ya ukungu, mwombe akuonyeshe kasoro ya fremu kwa kidole chake.

3. KOSA NILILOFANYA MWENYEWE

Nitawaeleza kosa langu ili msilirudie. Nilipokuwa kijana katika kazi niliona ukungu katikati ya vioo vya ofisi moja. Nikajiambia kwa ujasiri mkubwa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikachukua silikoni nikazungushia fremu yote kwa nje, chini, juu na pembeni, nikasimama mbali kidogo kuitazama kazi yangu. Ilipendeza. Baada ya majuma machache ya mvua ukungu ulizidi, na maji yakaanza kuonekana juu ya kizingiti cha ndani.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mpigo. Kwanza, mvuke ulikuwa umekwisha kuingia, na punje zilikuwa zimekwisha kushiba. Kuziba kwa nje ni sawa na kufunga mlango wa zizi mbuzi akiwa kichakani. Pili, na hili ndilo baya zaidi, niliziba vitundu vidogo vilivyo chini ya fremu. Nilidhani ni kasoro ya kiwanda. Kumbe vitundu vile ni njia ya maji. Fremu ya alumini haitarajiwi kuzuia kila tone. Inatarajiwa kulipokea tone linalopita na kulirudisha nje kupitia vitundu hivyo. Nilipoviziba nilitengeneza birika, nikaikalisha jozi ya vioo ndani yake.

Methali ya wazee wetu ni ya kweli, lakini fundi hana budi kujua ufa ni upi na njia ni ipi. Elimu yote ya mizibo imo katika swali hilo moja: kipi kizibwe, na kipi kiachwe wazi.

4. NAMNA YA KUKARABATI

Jozi za vioo

Jozi iliyokufa haifufuki. Dawa yake ya kudumu ni kuagiza nyingine. Pima upana na urefu wa nafasi ndani ya fremu, na unene wa jozi nzima: kwa mfano kioo cha milimita 4, nafasi ya milimita 12, na kioo cha milimita 4 hufanya jumla ya milimita 20. Jozi mpya iwe ndogo kidogo kuliko nafasi yake, ibaki pengo la milimita chache kila upande, na ikae juu ya vipande vya plastiki au mpira mgumu ili kingo zake za chini zisilale ndani ya maji. Hakikisha vitundu vya fremu viko wazi kabla ya kurudisha papi za kubana.

Wako mafundi wanaotoboa kioo kwa tundu dogo, wakakausha kwa ndani na kuziba tena. Kwa kioo cha kawaida njia hiyo yaweza kurudisha uangavu kwa muda, lakini hairudishi hewa kavu wala haiondoi shibe ya punje. Kwa kioo kilichokarishwa kwa moto, kama kile kinachotumika mara nyingi katika milango ya majokofu, ni hatari: kikiguswa na keekee hupasuka chote kwa mara moja na kuwa changarawe. Nawasihi vijana wetu wasijaribu.

Mpira wa mlango wa jokofu usitupwe haraka. Mara nyingi umekakamaa au umejaa uchafu. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke, kisha urudie kipimo cha karatasi. Ukiwa umejikunja, kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto huulainisha ukarudia umbo lake. Ukiwa umechanika, ubadilishwe.

Hata hivyo, kwa jokofu la chanjo maelekezo ni mengine. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na zipo zinazoharibika kwa kuganda kama zinavyoharibika kwa joto. Mtumishi akiona mzibo wa mlango una kasoro, kazi yake ni kusoma kipimajoto, kuandika, kutoa taarifa siku hiyohiyo, na kuhamisha chanjo kwa utaratibu uliowekwa. Asijaribu ufundi huku chanjo zikiwa ndani.

Madirisha ya puti

Haya ndiyo madirisha ya majengo yetu mengi ya zamani. Puti ni mchanganyiko wa unga wa chaki na mafuta ya kitani. Ikiwa mpya hulainika mkononi kama unga wa muhogo uliokandwa vizuri. Ikizeeka hukauka, hupasuka na kuanguka vipande vipande. Ipime kwa ncha ya kisu butu. Ikibonyea kidogo au ikishikilia, iache. Ikibanduka kama ganda, iondolewe yote mahali hapo.

Vaa glavu na miwani. Ondoa puti mbovu kwa patasi, polepole, ukielekeza patasi kwenye mbao na siyo kwenye kioo. Toa misumari midogo. Safisha mfereji wa fremu kwa brashi. Mbao ikiwa kavu, ipakwe kwanza rangi ya msingi, la sivyo itanyonya mafuta ya puti na puti itakufa kabla ya wakati. Kioo kipya kikatwe kiwe pungufu ya nafasi kwa milimita 3 hivi kwa upana na kwa urefu. Tandika puti nyembamba katika mfereji, bonyeza kioo kwa kingo zake, kamwe si katikati, kisha kikaze kwa misumari midogo. Malizia kwa puti ya mbele, ikiwa na mteremko ili maji yasituame. Iachwe majuma mawili au zaidi ishike ngozi, ndipo ipakwe rangi. Rangi ipande juu ya kioo kwa milimita 2 tu. Hizo milimita 2 ndizo mzibo wenyewe. Anayezikwangua ili kioo kionekane nadhifu ameufungulia mvua mlango.

Fremu za chuma zahitaji puti ya chuma, kwa kuwa chuma hakinyonyi mafuta. Kutu iondolewe kwanza, maana kutu huvimba na kukisukuma kioo mpaka kikapasuka. Aidha, rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Msasa utumike kwa maji, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na wanafunzi wasiwe karibu.

Madirisha ya luva na ya alumini

Luva haina mzibo wa kweli. Imeundwa kupitisha hewa. Tusiilaumu kwa mvua ya upepo. Tulichonacho ni kuhakikisha vishikizo vyake havijapinda, na vioo vyote vinalaliana vikifungwa. Ghala la vitabu au la mitihani lisiwekwe nyuma ya dirisha la luva.

Kwa madirisha ya kusukuma ya alumini, adui mkubwa kwetu ni mchanga mwekundu. Huingia katika reli ya chini ukaziba vitundu, na mvua ya kwanza hufurika ndani. Mchanga na uondolewe kwa brashi, vitundu vizibuliwe kwa njiti. Kazi hiyo ni ya dakika tano na haigharimu shilingi. Silikoni iliyo kati ya fremu na ukuta ikiachia, ya zamani ikwanguliwe yote. Mpya haishiki juu ya ya zamani, wala juu ya vumbi, wala juu ya ukuta wenye maji. Na ile silikoni yenye harufu kali ya siki isitumike karibu na saruji wala karibu na kingo za jozi za vioo, kwa kuwa asidi yake huweza kuzidhuru. Ulizeni ile isiyo na siki.

5. KUTAFUTA MAHALI MAJI YANAPOINGILIA

Maji yana hila. Yaonekanapo sipo yanapoingilia. Kwa hiyo kabla ya kuziba, tujaribu. Katika nchi ya mabomba mengi fundi angeshika mpira wa maji akamwagia dirisha. Sisi wa uwanda wa Makonde, ambao wazee wetu wameyafuata maji mabondeni na kupanda nayo mlimani kichwani, hatuna maji ya kumwaga. Chukua kopo, litoboe matundu madogo chini, na weka karai la kuyakinga maji yanayoanguka ili yatumike tena.

Anza chini na upande juu. Nyunyizia kwanza kizingiti, subiri dakika chache, mwenzako akitazama ndani. Kisha pembe za chini, kisha pembeni, mwisho juu. Ukianza juu maji yatateremka dirisha zima, na hutajua ni wapi yalipopenya. Mahali tone la kwanza linapojitokeza, weka alama ya chaki. Hiyo ndiyo kazi. Kwingine kote kuachwe.

Ni jambo la kutafakari, ndugu zangu, kwamba katika nchi hii tunayachimba maji, tunayavuta kwa mashine kutoka mabondeni, tunayakinga kwenye mabati, kisha mvua inaponyesha tunayaruhusu yaingie mahali pekee tusipoyahitaji.

6. UTARATIBU WA MWAKA

Ili maelezo haya yasibaki maneno, napendekeza utaratibu ufuatao kwa kila taasisi.

Kwanza, kila dirisha lipewe namba, iandikwe katika daftari la majengo. Dirisha lisilo na namba halina mwenyewe.

Pili, ukaguzi mkubwa ufanyike Januari, mvua zikiwa zimekolea. Mvua ndiyo mkaguzi mwaminifu kuliko wote. Yatakayoonekana Januari yaingizwe katika makisio ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Tukikagua Agosti, wakati wa kiangazi, kila dirisha litaonekana zima.

Tatu, matengenezo ya puti na silikoni yafanyike kati ya Julai na Oktoba, mbao na kuta zikiwa kavu.

Nne, kabla ya mvua kuanza, reli zifagiliwe na vitundu vizibuliwe. Kazi hii haihitaji fundi. Mhudumu, mlinzi au mwanafunzi aliyeelekezwa aweza kuifanya.

Tano, taasisi inayojenga jengo jipya lenye jozi za vioo iandike katika mkataba muda wa dhamana ya mizibo, na itunze karatasi hiyo. Iwaeleze pia watengenezaji mwinuko wa mahali jengo lilipo. Jozi iliyozibwa pwani ikapelekwa Dodoma, penye mwinuko wa mita 1,100 hivi, hukutana na hewa ya nje iliyopungua shinikizo kwa zaidi ya asilimia 10. Hewa ya ndani husukuma vioo vikavimba, na mzibo huanza maisha yake ukiwa umechoka.

Sita, na hili ni la wakazi wote. Mtu akipita penye shule au zahanati akaona puti imebanduka, aseme. Majengo haya ni ya umma kwa maana kwamba hasara yake pia ni ya umma.

Ndugu Mwenyekiti, nilirudi katika zahanati ile baada ya kulitengeneza dirisha. Madaftari yalikuwa yameanikwa juani, na muuguzi alikuwa akinakili kwa mkono majina yaliyosomeka. Kurasa nyingine hazikusomeka. Nilimuuliza watoto wa kurasa hizo watafanywaje. Akanijibu kwamba wataitwa, mmoja mmoja, na mama zao wataulizwa wanakumbuka nini.

Mimi namba za madirisha yangu naziandika tangu siku hiyo.